Malham na watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matembezi ya mashambani Yorkshire

Familia nyingi za Waswahili tunaoishi Leeds, Bradford, Sheffield au Manchester tunaijua Uingereza ya mabasi, maduka na foleni za shule. Nje kidogo ya miji hiyo kuna Uingereza nyingine ya mabonde, kondoo na kuta za mawe. Kila wikendi wenyeji huijaza, sisi tukipita barabarani bila kuteremka. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayouliza wazazi wanaotaka kwenda kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni wanaokuja kutoka Dar, Mombasa au Muscat kuwatazama wajukuu. Kijiji tulichochagua ni Malham, kwa sababu sijui kingine chenye mambo mengi ndani ya hatua chache hivyo.

Malham iko wapi hasa?

Iko North Yorkshire, kaskazini-magharibi mwa Leeds, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales. Mji wa karibu wenye maduka makubwa na stesheni ni Skipton. Malham yenyewe ni kijiji kidogo sana: nyumba za mawe, kijito kinachokatiza katikati, daraja, hosteli ya vijana na baa mbili. Ukitembea polepole utakimaliza kabla mtoto hajamaliza biskuti yake. Uzuri wake uko nje ya kijiji, na karibu wote unafikika kwa miguu.

Njia zinapita katikati ya mashamba ya watu. Hatutafukuzwa?

Hamtafukuzwa. Hili ndilo swali linalowazuia watu wetu wengi, na lina msingi: tulikokulia, kupita shambani kwa mtu bila kupiga hodi ni kutafuta maneno. Huku sheria imepangwa kwa namna tofauti. Ardhi ni ya mkulima, nyasi ni zake, kondoo ni wake, lakini njia inayokatiza hapo ni haki ya umma. Haki hiyo haitegemei ukarimu wake, wala haiulizi pasipoti yako. Anayeifunga njia kwa kufuli au waya anavunja sheria, na mamlaka ya hifadhi au halmashauri inaweza kumlazimisha aifungue.

Njia hizi zimeandikwa kwenye ramani za kisheria zinazotunzwa na halmashauri, utaratibu ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1949, ileile iliyozaa hifadhi za taifa. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za aina hii. Utazitambua kwa mishale iliyobandikwa kwenye magogo na mageti. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu tu. Wa bluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Kwa familia inayotembea, yote miwili ni sawa.

Kibao cha "Private" ukikiona, maana yake usitoke nje ya njia kuingia upande ule. Hakikuambii urudi nyumbani. Na tangu sheria ya mwaka 2000, nyanda nyingi za juu zisizolimwa zimefunguliwa, kwa hiyo huko unaruhusiwa kutembea hata nje ya njia. Ramani huzionyesha kwa rangi ya manjano hafifu.

Haya hayakuletwa na hisani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa viwandani kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout huko Derbyshire kwa makusudi, ingawa wenye ardhi walikuwa wameupiga marufuku. Watano walifungwa jela. Miaka 33 baadaye, siku ileile ya 24 Aprili, mwaka 1965, njia ndefu ya kwanza ya taifa, Pennine Way, ilizinduliwa kwenye nyanda za juu za Malham, juu tu ya kijiji hiki. Na John Dower, aliyeandika ripoti ya mwaka 1945 iliyokuwa msingi wa hifadhi za taifa za England na Wales, alikuwa mkazi wa Kirkby Malham, kijiji cha jirani. Kwa hiyo mtoto wako akivuka geti kule, anatembea juu ya kitu kilichopiganiwa, na pale pale.

Kama ni hifadhi ya taifa, kuna kiingilio? Kuna wanyama wakali?

Hakuna kiingilio, hakuna geti la askari, hakuna mwongozo wa lazima. Usiifikirie Serengeti. Hifadhi ya taifa ya Uingereza ni eneo la watu wanaoishi, wanaolima na kupeleka watoto shule, ila ujenzi na matumizi ya ardhi vinadhibitiwa ili sura ya nchi isiharibiwe. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi. Utakacholipia ni maegesho: kuna uwanja wa magari kwenye kituo cha wageni cha hifadhi, mwanzoni mwa kijiji, wenye mashine ya kulipia na vyoo vya umma. Simba hakuna. Mnyama wa kuheshimu ni ng'ombe, na tutamfikia.

Tuanze na njia ipi?

Kama ni mara ya kwanza na mna watoto wa kati ya miaka mitatu na saba, msibishane: anzeni na maporomoko ya Janet's Foss. Wengi hukimbilia Malham Cove kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye picha, lakini mtoto mdogo hashangazwi na ukubwa wa mwamba. Anashangazwa na maji, matope na kitu cha kushika kwa mkono, na Janet's Foss ina vyote vitatu.

Kutoka kijijini unavuka kijito, unafuata njia tambarare kati ya malisho, kuta za mawe zikiwa kulia na kushoto. Tazameni kuta hizo: mawe yamepangwa tu, hakuna saruji, na bado yanasimama. Kuna mageti madogo yanayobembea ndani ya kizimba, yanayopitisha mtu mmoja mmoja ili kondoo wasitoke, na watoto huyageuza mchezo. Baada ya hapo unaingia kijisitu chenye kijito pembeni. Mwezi Mei sakafu yote ya msitu huwa nyeupe kwa maua ya kitunguu saumu cha porini, na harufu yake inawapokea kabla hamjafika. Kuna magogo yaliyoanguka ambayo wapita njia wameyapigilia sarafu kwa miaka mingi hadi yanang'aa kama magamba ya samaki. Tayarisheni jibu, kwa sababu mtoto ataomba sarafu.

Mwisho wa msitu kuna maporomoko madogo yanayoangukia kwenye kidimbwi. Simulizi za wenyeji zinasema Janet ni malkia wa vichimbakazi anayeishi kwenye pango nyuma ya maji. Zamani wakulima waliwaosha kondoo kwenye kidimbwi hicho kabla ya kuwakata manyoya. Kutoka kijijini mpaka hapo hapazidi kilomita mbili. Mkirudi kwa njia ileile, mmepata matembezi ya saa mbili pamoja na kuchezea maji, na hakuna atakayelia kwa uchovu. Au atalia mmoja tu, kwa sababu ya sarafu.

Watu huogelea pale wakati wa joto. Maji ni baridi hata Julai, baridi ya kukata pumzi, kwa hiyo watoto waishie magotini.

Tuna kigari cha mtoto. Kinapita?

Njia ya kwenda chini ya Malham Cove ndiyo inayofaa. Imewekwa kokoto vizuri, ni kama kilomita moja na nusu kutoka uwanja wa magari, na kigari chenye magurudumu makubwa kinafika karibu na mwamba kabla mawe hayajaanza. Janet's Foss, ndani ya msitu, ina mizizi na mawe, na hapo kigari kinageuka mzigo. Mbeleko inashinda kila kitu kilichobuniwa dukani. Mama mwenye mtoto mgongoni anapita kila geti na mikono yake yote miwili iko huru.

Malham Cove ni kitu gani, na kwa nini watu wanaitukuza?

Ni ukuta wa mwamba wa chokaa uliojipinda mfano wa mwezi mchanga, wenye urefu wa takribani mita 80 kwenda juu na mita 300 upana. Mwishoni mwa zama za barafu, maji ya barafu iliyoyeyuka yaliporomoka juu yake. Leo ni mkavu: chokaa imejaa nyufa, na maji hupita chini kwa chini. Mwezi Desemba 2015, baada ya kimbunga Desmond, maji yalizidi nguvu ya nyufa na maporomoko yakarudi kwa muda mfupi. Hakuna mtu aliye hai aliyekuwa amewahi kuyaona.

Juu ya mwamba kuna uwanja wa mawe yaliyokatwakatwa na mvua kwa maelfu ya miaka, mabamba makubwa yenye mianya mirefu katikati. Ndani ya mianya huota majani ya kivuli ambayo kondoo hawayafikii. Pazuri mno, na ndipo ninapowaomba wazazi wawe macho kuliko mahali pengine popote katika ukurasa huu. Mianya inaingiza mguu mzima wa mtoto, mawe yamelainishwa na nyayo na huteleza yakilowa, na ukingo wa mwamba hauna uzio wowote. Kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima. Mvua ikinyesha, msipande.

Tunaweza kufanya mzunguko mzima siku moja?

Watoto wa kuanzia miaka minane waliozoea kutembea, ndiyo. Mzunguko wa Janet's Foss, korongo la Gordale Scar na Malham Cove ni kama kilomita 8. Wenyeji humaliza kwa saa tatu. Familia yenye watoto na vyakula itenge nusu siku nzima.

Nashauri muuanze upande wa Janet's Foss. Mnapita msituni, mnatokea barabarani, mnaingia Gordale kutazama, mnarudi hadi daraja la Gordale, kisha mnapanda malishoni kuelekea juu ya Cove. Hivyo ngazi za mawe kando ya Cove, ambazo ni kama 400, mnazishuka badala ya kuzipanda. Ngazi hazilingani, nyingine ni fupi na nyingine zinamfikia mtoto gotini, kwa hiyo watu wazima watangulie mbele ya watoto wakati wa kushuka, si nyuma yao.

Gordale Scar tunaona watu wanapanda kwenye maporomoko. Tupande nao?

Hapana. Gordale ni korongo lenye kuta zinazozidi mita 100, na njia ya umma kweli inaendelea juu kwa kukwea mwamba pembeni ya maporomoko ya chini. Wenye mazoezi hupita. Mtoto aliyevaa raba za shule hapiti, na kurudi chini ni kugumu kuliko kwenda juu. Kuingia hadi chini ya maporomoko ni tambarare na kunatosha: kuta zinakufunga pande zote, sauti inabadilika, mtoto anapiga kelele asikie mwangwi. James Ward alipachora mwanzoni mwa karne ya 19 kwenye turubai kubwa kupita kiasi, ambayo iko Tate Britain, London, na bado watu husema hakutia chumvi sana.

Kijito kinatoka chini ya mwamba. Maji yanatoka wapi?

Watoto wote huuliza hili. Juu ya Cove, kilomita chache kaskazini, kuna ziwa liitwalo Malham Tarn, mita 377 juu ya usawa wa bahari. Kijito kinachotoka ziwani kinatiririka kidogo halafu kinazama ardhini mahali panapoitwa Water Sinks. Mtu yeyote angedhani ndicho kinachotokea chini ya Cove, na wenyeji walidhani hivyo. Majaribio ya kutia rangi majini yalionyesha vingine: maji ya Water Sinks hutokea kwenye chemchemi za Aire Head, kusini mwa kijiji, na maji ya chini ya Cove yanatoka kwenye tundu jingine kabisa upande wa magharibi. Yaani mito miwili inapishana gizani ndani ya chokaa. Vijito hivyo vinakutana na kuwa mto Aire, ambao ndio unaopita katikati ya jiji la Leeds. Kama mnaishi Leeds, mwonyesheni mtoto mto huo siku nyingine mkiwa mjini.

Malham Tarn yenyewe ina njia pana ya kokoto kando ya ziwa, nzuri kwa bibi na babu wasiotaka ngazi wala matope. Mnaweza kufika huko kwa gari na kuegesha karibu na Water Sinks.

Ni kweli kuna ndege wa ajabu?

Ndiyo, ndege aina ya kozi. Wanazaliana kwenye ukuta wa Cove tangu 1993. Wakishuka kuwinda hupita mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Majira ya kuchipua hadi kiangazi wahudumu wa kujitolea mara nyingi huweka darubini chini ya mwamba, na mtoto anaruhusiwa kuchungulia bure.

Twende mwezi gani?

Mei, mkiweza. Wanakondoo wamejaa malishoni, kitunguu saumu kimechanua, na jua linazama karibu saa tatu usiku. Juni na Julai pia ni njema. Agosti watu ni wengi, na wikendi za sikukuu uwanja wa magari hujaa asubuhi mapema, nanyi mtazunguka na watoto wenye njaa. Septemba ni siri ya wazazi wenye watoto ambao hawajaanza shule.

Majira ya baridi panapendeza kwa namna yake, lakini hesabuni giza: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mgeni aliyetoka juzi Afrika Mashariki, ambako jua huzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halitegemei kabisa hili. Mkifika saa saba mchana mwezi huo, fanyeni njia fupi tu.

Tuvae nini?

Msinunue vitu vya bei mbaya. Kinachohitajika ni viatu vyenye meno chini, koti la mvua lenye kofia, sweta, na soksi za ziada kwa kila mtoto. Gambuti zinafaa kwa Janet's Foss. Kwa mzunguko mrefu zinachubua. Epukeni suruali za jinzi siku ya mvua, zikilowa hazikauki na zinabeba baridi. Kina mama wanaovaa gauni refu au abaya hawana haja ya kubadili vazi, ila pindo lipandishwe kidogo penye ngazi na mageti. Koti la mvua libebwe hata kama kumekucha jua kali. Si hadithi, hali ya hewa hapa hubadilika kati ya geti moja na jingine.

Ng'ombe wako kwenye njia yetu. Tufanye nini?

Kondoo hawana neno, watakimbia. Msiwakimbize, na mwanakondoo aliye peke yake msimbebe hata akilia, mama yake yuko karibu. Rangi nyekundu au bluu mgongoni mwake ni alama ya mwenye kundi, watoto wasidhani ameumia.

Ng'ombe wenye ndama ni habari nyingine. Msipite kati ya mama na ndama. Zungukeni mbali, tembeeni kwa utulivu bila kukimbia, watoto wakae upande wa mbali na ng'ombe. Kama mnaona wamejipanga njiani wakiwatazama, mnaruhusiwa kuwazunguka kwa kutoka kidogo nje ya njia, kisha mrudi. Mkiwa na mbwa mumshike kwa kamba; lakini ng'ombe wakiwafukuza, mwachieni, yeye atajiokoa na nyinyi mtapata nafasi. Kwa waliokulia kwenye ufugaji mtasema mnawajua ng'ombe. Hawa hawawajui nyinyi.

Mageti myaache mlivyoyakuta: lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi.

Kuna mimea au wadudu wa kuogopa?

Mmea mmoja, uitwao nettle, utawakuta tu, hasa watoto wenye kaptula: majani ya kijani yenye meno pembezoni na vinyweleo vinavyowasha vikigusa ngozi. Hauui. Wenyeji huwasugua watoto jani pana la mmea uitwao dock, na kama si dawa basi linamsahaulisha mtoto.

Kupe wapo kwenye majani marefu, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Mkirudi nyumbani kagueni miguu, nyuma ya magoti na kichwani. Kupe atolewe kwa kibanio kwa kuvutwa moja kwa moja, asipakwe mafuta wala kuchomwa. Ukitokea mduara mwekundu unaopanuka siku au wiki zinazofuata, mwoneni daktari na mumweleze mlikuwa wapi.

Kitunguu saumu cha porini kinalika, lakini majani yenye sumu huota kandokando yake na kufanana nayo. Kiangalieni, kinuseni, mwacheni mwenye ujuzi akichume.

Tunaweza kuchoma nyama?

Najua. Familia tatu, magari matatu, na mtu ameshatia mishikaki kwenye viungo tangu jana. Jibu ni hapana. Kuwasha moto kwenye nyanda hizi hakuruhusiwi, na hata yale majiko ya foili ya kutumia mara moja hayaruhusiwi. Chini ya nyasi kuna udongo wa mboji unaoungua kwa siku nyingi chini kwa chini. Mwaka 2018 moto wa Saddleworth Moor, karibu na Manchester, ulishindikana kiasi kwamba wanajeshi waliitwa kusaidia kuuzima.

Pikeni nyumbani. Sambusa, katlesi, chapati zilizofungwa kwenye foili na chupa ya chai ya tangawizi vinatosha kabisa, na vikiliwa kwenye upepo ule vina ladha nyingine. Mabaki yote yarudi nyumbani, pamoja na maganda ya machungwa na mifupa ya kuku, kwa sababu mbwa wa watu na wanyama wa mkulima huvila.

Baa za kijijini zinaruhusu watoto? Na sisi tusiokunywa?

Lister Arms na Buck Inn ni baa za kijiji, na baa ya kijiji ya Kiingereza si kilabu cha pombe. Familia huingia kula, watoto wakiwa na wakubwa, na hakuna anayeshangaa mtu akiagiza chai au soda. Asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali aangalie samaki na vyakula vya mboga, na aulize kama chipsi zinakaangwa kwenye mafuta ya wanyama, kwani Yorkshire bado wapo wanaofanya hivyo. Asiyependa kukaa penye pombe kabisa, chakula chake cha kwenye kikapu kitamtosha.

Sala je?

Hakuna msikiti Malham. Beba mkeka mwepesi na utafute mahali pakavu kando ya njia. Kibla kutoka hapa ni kusini-mashariki. Chukueni udhu vyooni kwenye kituo cha wageni kabla ya kuanza kutembea. Wakati wa kiangazi hamtabanwa, lakini Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana upesi sana.

Tutakuwa watu weusi pekee. Watatutazama?

Huenda mkawa peke yenu, ndiyo. Ripoti ya Julian Glover kwa serikali, ya mwaka 2019, ilikiri wazi kwamba hifadhi hizi zinaonekana na wengi kuwa ni za wazungu, na kwamba jamii nyingi za Uingereza hazijioni ndani yake. Wengine watawatazama kidogo zaidi ya kawaida. Mara nyingi kinachofuata ni salamu, kwa sababu mashambani watu husalimiana, tofauti na mjini. "Morning" inatosha, nanyi jibuni. Mzee mwenye mbwa atataka kuzungumzia hali ya hewa, na hapo mmeshapata mwongozo wa bure.

Wasiotaka kuanza peke yao waende na kikundi. Huko Sheffield kundi la wanaume Weusi wanaotembea kwa ajili ya afya lilianzishwa mwaka 2004, mwanzilishi mwenza akiwa Maxwell Ayamba, mwandishi wa habari mzaliwa wa Ghana, na mfano wao umefuatwa na vikundi vingine. Msikiti, kanisa au chama cha Watanzania, Wakenya au Wakongo kinaweza kukodi basi dogo. Mkiwa kundi kubwa, gawanyikeni kwenye njia nyembamba ili wengine wapite, na spika ya muziki ibaki garini.

Bila gari tunafikaje?

Treni kutoka Leeds hadi Skipton, chini ya saa moja, kisha basi. Mabasi ya kwenda Malham ni machache, na ratiba za wikendi si sawa na za katikati ya wiki wala za majira ya baridi. Tazameni ratiba ya siku hiyohiyo, na kwanza kabisa jueni basi la mwisho la kurudi. Mkilikosa, ni teksi.

Tukipotea au mtu akiumia?

Msitegemee simu pekee, kwenye mabonde mtandao hupotea. Pakueni ramani kabla ya kuondoka nyumbani, au nunueni ya karatasi: Ordnance Survey Explorer OL2, ambayo huonyesha njia za umma kwa nukta na vistari vya kijani, na hata kila ukuta wa shamba. Watoto wakubwa wapewe ramani washike wao.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112, omba uunganishwe na polisi, kisha uombe waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa, kwa hiyo mtu asivumilie mguu uliovunjika akihofia bili. Waambieni mlipo kwa namba za gridi ya ramani au kwa kutaja kitu kinachoonekana, kama ngazi za Cove au daraja la Gordale.

Tumeizoea Malham. Twende wapi tena?

Ingleton ina njia ya maporomoko mengi mfululizo, ndefu kiasi na yenye kiingilio, kwa sababu inapita ardhi ya binafsi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Bolton Abbey, mashariki mwa Skipton, ina magofu ya kanisa la watawa, mchanga wa kuchezea kando ya mto Wharfe na mawe ya kuvukia yaliyopangwa mtoni, na watoto wadogo huipenda kuliko Malham. Ila mkitembea kufuata mto kwenda juu mtafika mahali panapoitwa Strid, ambapo mto wote unabanwa kwenye ufa mwembamba unaoonekana kama unarukika. Umeua watu, kwa sababu chini ya maji mwamba umelika na kuacha mapango yanayomvuta anayeanguka. Pale watoto wakae nyuma kabisa, juu njiani, na hakuna picha ya ukingoni.